Waliobeba Kanisa Njiani: Dumila na Miaka 60 ya Dayosisi ya Morogoro

Fedha za kwanza zilizoleta Kanisa Anglikana katika nchi ya Ukaguru zilitoka kwa watu waliokataa kutajwa. Novemba 1875 gazeti la Daily Telegraph la London lilichapa barua ya msafiri Henry Morton Stanley, iliyosema kwamba Kabaka Mutesa wa Buganda anaomba walimu wa dini. Baada ya siku chache ofisi ya Church Missionary Society, chama cha wamisionari ambacho wazee wetu walikijua kwa herufi zake tatu tu, CMS, ilipokea ahadi ya pauni 5,000 ikiwa safari ya Buganda itafanyika. Mtoaji hakuweka jina. Alijiita mtumwa asiye na faida, kwa kufuata Injili ya Luka. Haukupita muda mrefu ikaja ahadi nyingine ya pauni 5,000, nayo haikuwa na jina.

Buganda ndiyo iliyokusudiwa. Ukaguru ilipata fungu lake kwa kuwa ilikuwa njiani. Wamisionari hawakuweza kufika Ziwa Victoria bila kupita bara, na bara hawakuweza kuipita bila vituo vya kupumzikia, kuuguzia homa na kupokelea barua. Mpwapwa ikawa kituo cha namna hiyo. Mwaka 1877 Alexander Mackay, mhandisi kutoka Uskoti, alisimamia upasuaji wa njia kutoka Saadani hadi Mpwapwa, karibu kilomita 370, kwa matumaini kwamba magari ya kukokotwa na ng'ombe yangeweza kupita. Mashoka na mapanga yalishikwa na watu wa pwani na wa bara. Walikata miti na miiba na kuvuka mito iliyojaa, na hakuna aliyeandika waliitwa nani.

Mtoaji wa zile pauni alichagua kufichwa. Hawa wa mashoka hawakuulizwa. Kila anayekaa kuandika historia ya kanisa katika sehemu hizi hana budi kuanza na tofauti hiyo, kwa maana imejirudia katika kila kizazi. Dayosisi ya Morogoro ilizaliwa mwaka 1965, na ilipotimiza miaka 60 mwaka 2025 ilistahili nderemo zote. Lakini shukrani ya miaka 60 inataka kwanza tujue tunamshukuru nani.

Kutoka Dumila, mji ulio katika dayosisi hii, ukiangalia upande wa machweo, unaiona milima ya Ukaguru. Huko ndiko iliko Mamboya, ambako CMS iliweka kituo karibu na mwaka 1880, na mmisionari J. T. Last akaishi huko pamoja na mkewe. Bibi huyo ni miongoni mwa wanawake wa kwanza wa Kiingereza kufanya makao mbali hivyo na pwani, na alifariki huko huko baada ya miaka michache. Last alifanya jambo moja ambalo ni haki alisifiwe kwalo hadi leo: alisikiliza. Mwaka 1886 kitabu chake cha sarufi ya Kikaguru kilichapishwa. Mgeni hawezi kuandika sarufi ya lugha asiyozaliwa nayo bila mtu wa kukaa naye, kumrudia neno mara ya tatu na ya nne, kumsahihisha na kumvumilia. Kina mama, vijana na wazee wa Mamboya waliompa Last lugha yao walikuwa wafadhili wa kanisa hili, tena mapema kabisa, kabla halijawa na sahani ya sadaka.

Katika miaka hiyo hiyo, bonde lililo chini ya milima hiyo liliona mfano wa kinyume cha kusikiliza. Ukitoka Dumila kushika barabara ya Kilosa unafika Msowero. Kila mtoto wa Kitanzania aliyesoma historia analijua jina la Chifu Mangungo wa Msowero, ambaye mwishoni mwa mwaka 1884 alitia alama yake kwenye karatasi ya Mjerumani Carl Peters. Karatasi ile iliandikwa kwa lugha ya mgeni na kwa faida ya mgeni, na nchi nzima ikatangazwa kuwa imetolewa. Nayakumbusha hayo kwa sababu kanisa nalo lilikuja na makaratasi: taarifa, barua, hesabu, picha. Taarifa hizo zilikwenda Uingereza, na baadaye Australia, kuwaeleza wafadhili wa huko jinsi kazi inavyosonga. Zilikuwa za kweli kwa sehemu kubwa, na ziliandikwa na watu waliojitoa kwa moyo wote; baadhi yao wamezikwa katika ardhi hii. Hata hivyo msomaji wao alikuwa mmoja tu, yule wa ng'ambo. Mkaguru aliyetoa kiwanja, nguvu zake na mwanawe wa kufundishwa ualimu hakuandikiwa taarifa.

Vita Kuu ya Kwanza ndiyo iliyoonyesha kanisa hili lilisimama juu ya mabega ya nani. Wajerumani, waliokuwa wakiitawala nchi, waliwatia kizuizini wamisionari wa Kiingereza, na njia za fedha na barua zikafungwa. Walimu Waafrika wa CMS walishukiwa kuwa wapelelezi wa Waingereza. Wengi wao walikamatwa, wakapigwa, wakafungwa, wakabebeshwa mizigo ya jeshi. Mmoja wao ni Andrea Mwaka wa upande wa Ugogo, aliyekuja kuwa kasisi, na ambaye jina lake limebaki katika shule moja ya Dodoma. Wenzake wengi hawakuachiwa hata kibao. Walioponea kukamatwa waliendelea kukusanya watu kusali bila mshahara, bila vitabu vipya, bila kujua kama kuna atakayerudi kuwauliza habari. Wamisionari waliporudi baada ya vita walikuta waumini wapo. Tukisema kanisa ni la wenyeji, miaka ile ni ushahidi usiohitaji mwingine.

Mwaka 1927 iliundwa Dayosisi ya Central Tanganyika, makao yake Dodoma, na George Chambers kutoka Sydney akawa askofu wa kwanza. Kuanzia hapo mzigo wa misaada ya nje ukahamia Australia, na kwa kiasi fulani New Zealand. Wauguzi, walimu na makasisi wa Kiaustralia walikuja kwa makumi, na nyuma ya kila mmoja kulikuwa na parokia ya kwao iliyokuwa ikichanga na kuomba. Nao hawakuwa matajiri. Mdororo wa uchumi wa dunia wa miaka ya 1930 uliikumba Australia vibaya, na bado fedha, ingawa zilipungua, hazikukatika. Mjane wa Melbourne aliyekuwa akitenga shilingi yake kwa ajili ya misheni ya Berega anastahili asante yetu sawasawa na mama wa Berega aliyekuwa akipeleka kisonzo cha mahindi kanisani siku ya mavuno. Hawakuwahi kuonana. Kila mmoja aliamini kwamba mwenzake yupo.

Berega yenyewe inahitaji kusimuliwa kwa kituo. Ilichipuka kutokana na kazi ya CMS katika Ukaguru, na hospitali yake imekuwa tegemeo la watu wa milimani na wa bondeni, wakiwemo wa Dumila, kwa miongo mingi. Imepata misaada ya nje, ndiyo, ya fedha, ya madaktari na ya vifaa. Hapo Berega pia kuna makao ya watoto wachanga waliofiwa na mama zao, wengi wao wakiwa wamefiwa wakati wa uzazi. Utaratibu wa makao hayo unanigusa kuliko jengo lolote la dayosisi: mtoto huletwa pamoja na binti wa ukoo wake. Dada, shangazi au binamu huyo hukaa naye, humlisha, humwogesha na kumbeba, ili mtoto akue akiwajua watu wake na siku moja arudi kwao. Binti huyo anatoa mwaka au miaka ya ujana wake. Katika hesabu ya mhazini miaka hiyo haina safu ya kuandikiwa, wakati katoni ya maziwa ya unga ina safu yake.

Askofu wa kwanza Mwafrika katika Kanisa Anglikana la Tanganyika alikuwa Yohana Omari. Aliwekwa wakfu tarehe 15 Mei 1955 huko Namirembe, Kampala, siku moja na Festo Olang' na Obadiah Kariuki wa Kenya na Daniel Deng Atong wa Sudan. Omari alikuwa askofu msaidizi wa Central Tanganyika hadi alipofariki mwaka 1963. Miaka miwili baadaye Morogoro ikakatwa kuwa dayosisi yake yenyewe, na Gresford Chitemo, mtoto wa Ukaguru, akawa askofu wake wa kwanza. Aliongoza hadi mwaka 1987. Kwa watu wa sehemu hizi jambo hilo lilikuwa na uzito ambao vijana wa leo huenda wasiuhisi. Kwa mara ya kwanza mama wa kijijini aliweza kumweleza askofu shida yake kwa lugha ya nyumbani kwake, bila mkalimani na bila kuona haya. Na askofu akaelewa hata kile ambacho mama hakukisema.

Chitemo aliipokea dayosisi changa katika nchi changa. Azimio la Arusha lilitangazwa mwaka 1967. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ikazitia shule za misheni zilizokuwa zikipata ruzuku mikononi mwa serikali. Shule zilikuwa zimekusanya sehemu kubwa ya jasho la waumini: walifyatua tofali, walikata miti, walibeba mawe na maji. Siku moja zikawa za taifa zima. Sijasikia kwamba kuna mtu aliyepita kijiji kwa kijiji kuwaambia waliozijenga, "Ahsanteni, kazi yenu sasa inawafaa watoto wote wa Tanzania, Wakristo na Waislamu." Ingefaa sana waambiwe hivyo. Kwa hakika mchango wao ulikuwa umekwenda mbali kuliko walivyokusudia, na hiyo ni heshima.

Kisha watu wenyewe wakahama. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 iliwakusanya wananchi kutoka mashamba yaliyotawanyika na kuwaweka katika vijiji vya pamoja, mara nyingi kando ya barabara. Dumila ya leo ni mji wa njia panda: barabara kuu ya Morogoro na Dodoma inapita katikati, barabara ya Kilosa inachepuka hapo, na jirani tu, Magole, ndipo panapokatwa kwenda Turiani. Mkaguru ameshuka kutoka milimani, Msagara amepanda kutoka Kilosa, Mnguu ametoka Turiani, Mluguru amevuka kutoka upande wa pili wa mkoa. Mgogo, Mmasai na mfanyabiashara wa Kichaga au Kikinga wamefuata biashara. Muumini wa Kianglikana anayesali Dumila ana uwezekano mkubwa wa kuwa na babu aliyebatizwa kwingine.

Usharika wa njia panda una ugumu wake. Kule milimani mzee wa kanisa anamjua kila mtoaji tangu utoto, anajua nani amelima na nani amefiwa. Dumila nusu ya waliokaa mabenchini wanaweza kuwa walihamia juzi. Mtu wa nyanya anatoa sana msimu wa nyanya, kisha anatoweka. Mama ntilie wa stendi hawezi kuja ibada ya kwanza kwa sababu mabasi hayamsubiri. Kijana wa bodaboda anatoa elfu mbili kupitia kwa rafiki, hajaingia kanisani mwezi mzima, na bado anasema "kanisa letu". Wanaohesabu mahudhurio hawawaoni hawa. Anayekwenda stendi, akakaa kwenye benchi la mama ntilie, akanywa chai na kuuliza, anawaona.

Kutoa kwenyewe kunachukua sura nyingi. Kuna sadaka ya kila Jumapili na fungu la kumi. Kuna ahadi ya ujenzi inayoandikwa kwenye bahasha, na sadaka ya shukrani ya aliyejifungua salama au aliyepona. Na kuna mnada, ambao naupenda kuliko vyote. Asiye na fedha analeta alichonacho: kuku, trei la mayai, debe la mpunga, mkungu wa ndizi, mua. Ibada ikiisha watu wanasimama nje kivulini, mzee mmoja mchangamfu anainua kuku juu, na bei inaanza. Aliyeshinda mara nyingi anamrudisha kuku yule yule ili anadiwe tena, au anampa mjane aliyemleta. Mama aliyekuja na mayai kumi anaona mayai yake yakinunuliwa kwa bei ambayo soko la Dumila halijawahi kuisikia, na watu wanapiga vigelegele. Hapo ameshukuriwa mbele ya wote kwa kitu chake mwenyewe, bila hotuba.

Kinachonisumbua ni yanayofuata. Katika sharika nyingi mtoaji husikia jina lake likisomwa siku ya kutoa, kisha hasikii tena. Bati lilinunuliwa kwa bei gani? Fundi alilipwa? Saruji ilibaki mifuko mingapi? Wahisani wa nje hupelekewa taarifa yenye picha na hesabu, kwa kuwa wasipopelekewa wanaacha kutuma. Mwenyeji akiuliza anaonekana mkorofi. Desturi hiyo tuliirithi tangu enzi za makaratasi ya CMS, na imedumu hata baada ya maaskofu, makasisi na wahazini wote kuwa watu wa hapa hapa. Nasema kwa uchungu kwa sababu nalipenda kanisa hili. Mtu aliyetoa mwaka mzima bila kusomewa mapato na matumizi huanza kutoa kidogo, halafu hukaa mbali, na sisi tunasema imani imepoa.

Kuna mahali ambapo kusikiliza kumekuwa kukifanyika siku zote, na lazima pasemwe. Umoja wa Akina Mama, ambao ni tawi la Mothers' Union ya Waanglikana duniani, iliyoanzishwa na Mary Sumner huko Uingereza mwaka 1876, hukutana majumbani. Huko mwenye mgonjwa anajulikana, na aliyekosa mbegu anajulikana pia. Wakikusanya michango wanaanza kwa kuulizana habari, na aliyekosa hapitwi kama hayupo. Kama ningeulizwa ni kitengo gani kimeibeba dayosisi kwa miaka 60, ningejibu bila kusita kuwa ni hicho.

Januari 2014 mambo yaligeuka. Mto Mkundi ulifurika, maji yakavunja njia kwenye daraja la Dumila, na mawasiliano ya barabara kati ya Morogoro na Dodoma yakakatika. Nyumba katika Dumila, Magole na vitongoji vya karibu zilibomolewa au zikajaa tope, na familia nyingi zikalala kwenye mahema. Mashamba yalisombwa pamoja na chakula kilichokuwa ghalani. Waliokuwa wakilibeba kanisa, wenye debe la mpunga na trei la mayai, walijikuta wao ndio wanaohitaji kubebwa. Serikali ilileta misaada, na mashirika, makanisa na misikiti ikachangia. Katika siku kama hizo hakuna anayeuliza unga umechangwa na dini gani, na Dumila, ambako Waislamu na Wakristo wanakaa ukuta kwa ukuta, haikuhitaji kufundishwa hilo. Jirani Mwislamu huchangia harambee ya kanisa, na Mkristo husaidia futari na msiba. Historia yoyote ya wafadhili wa kanisa hapa inayowaacha Waislamu ina pengo kubwa.

Mafuriko yale yalifundisha pia kwamba mhitaji ana maneno ya kusemwa juu ya msaada. Aliyepoteza nyumba anajua kuliko mtu yeyote kama anataka blanketi, mbegu za msimu au nauli ya kumpeleka mtoto kwa ndugu. Akiulizwa, msaada mdogo unafika mbali.

Kwa upande wa ng'ambo, dayosisi imekuwa na uhusiano wa miaka mingi na Dayosisi ya Worcester ya Uingereza. Wageni wa Worcester wamekuja Morogoro, na watu wa Morogoro wamekwenda Worcester. Uhusiano wa namna hii ni mzuri kuliko ule wa zamani kwa sababu moja kubwa: pande zote zinaombeana na zinatembeleana. Askofu au mama wa Morogoro anaposimama katika kanisa la mawe la Uingereza, lenye mabenchi ambayo mengi yako wazi, akawaeleza jinsi mnada wa kuku unavyojenga kanisa, yeye ndiye mtoaji siku ile na wao ndio wapokeaji. Wanahitaji kukumbushwa namna ya kutoa kwa furaha, na sisi tunayo.

Basi katika kuadhimisha miaka hii 60 nina ombi moja kwa kila mtaa wa dayosisi, na naanza na Dumila kwa kuwa watu wake ni wengi, wanahama, na wazee wake waliokuja wakati wa Operesheni Vijiji wanapungua kila mwaka. Kila mtaa una daftari la ubatizo na daftari la ndoa. Liongezwe la tatu. Liandikwe humo nani alitoa kiwanja, nani alifyatua tofali za kwanza, nani alipika siku ya kumwaga zege, nani alikuwa akifagia. Mwislamu aliyeazima toroli aandikwe, na binti aliyekwenda Berega na mtoto wa dada yake aandikwe. Waandikaji wawe vijana. Waende majumbani jioni, baada ya kazi za shamba, wakae chini, waulize na waandike kile wanachoambiwa hata kama ni lawama. Anayetaka jina lake lifichwe, lifichwe, maana naye ana mtangulizi wake wa mwaka 1875. Na kabla ya kufunga daftari kila mwaka, mhazini asome mapato na matumizi kwa Kiswahili cha wazi, shilingi kwa shilingi, mbele ya wote waliotoa, kisha anyamaze asikilize maswali yao mpaka yaishe.